Mawingu na Mkakasi: Je, Umbo la Dawa Latosha Kuijulisha Tabia Yake?

Wahenga waliacha methali mbili ambazo mtu akiziweka kando kwa kando zitamwonekania kama mashahidi wawili wanaokanushana mbele ya kadhi. Ya kwanza yasema: dalili ya mvua ni mawingu. Ya pili yasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ile ya kwanza yafundisha kwamba lililofichika lina alama yake nje, na ajuaye kuisoma alama hiyo hulijua lijalo kabla halijafika. Hii ya pili yaonya kwamba nje ni nje na ndani ni ndani, na aliyeziamini rangi na nakshi atafunua asikute alichokitarajia. Nahodha huishi kwa methali ya kwanza. Asiposoma mawingu na rangi ya maji, chombo chake hakirudi. Kijana anayetaka kuposa hukumbushwa na wazee wake ile ya pili.

Swali lililo baina ya methali hizi ni la kale: je, mtu akilijua umbo la kitu, ameijua tabia yake? Wanafalsafa wamelizungusha kwa karne nyingi, na washairi wamelijibu kila mmoja kwa namna yake. Katika zama hizi swali limeingia mahali ambapo wapenzi wa ushairi hawakuzoea kulitafuta, nako ni katika maabara za dawa. Huko dawa huchorwa kwa nukta na mistari tu. Mchoro ukakabidhiwa kompyuta. Kompyuta ikaulizwa kama kitu hicho, ambacho pengine hakijawahi kutengenezwa wala kuonjwa na kiumbe chochote, kitaponya au kitadhuru. Jibu hurudi kwa tarakimu. Linalobaki kujadiliwa ni kama tarakimu hiyo ni wingu au ni nakshi ya mkakasi, na kama mgonjwa akidhurika, ni nani atakayeitwa kujibu.

Elimu inayotumika hapo huitwa nadharia ya grafu, na chimbuko lake ni mji wa Königsberg, uliokuwa wa Prussia na ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi. Mto Pregel uliugawa mji huo katika sehemu nne za nchi kavu, nazo ziliunganishwa kwa madaraja saba. Wenyeji walijiuliza: mtu aweza kuyavuka madaraja yote saba katika matembezi mamoja, bila ya kulipita lolote mara mbili? Leonhard Euler, mwanahisabati wa Kiswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, alilijibu swali hilo katika makala ya mwaka 1736, na jibu lake lilikuwa kwamba haiwezekani. Hoja yake ni nyepesi kushika. Aingiaye katika sehemu kwa daraja moja lazima apate jingine la kutokea. Kwa hiyo sehemu yoyote isiyokuwa ya kuanzia wala ya kumalizia safari lazima iwe na madaraja ya idadi shufwa. Huko Königsberg sehemu moja ilikuwa na madaraja matano, na kila moja katika zile tatu nyingine ilikuwa na matatu. Zote nne zilikuwa witiri, na safari moja haiwezi kuwa na miisho minne.

Hekima ya Euler ilikuwa katika vile alivyovisahau. Hakuuliza urefu wa daraja, wala upana wa mto, wala kama boriti zilikuwa za mti mpya au mkongwe. Alibakisha jambo moja tu: kipi kimeunganishwa na kipi. Mshona nyavu wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Wavu ukikunjwa chomboni, ukianikwa juani au ukivutwa na mkondo, sura yake hubadilika kila mara. Lakini fundo lililo jirani na fundo jingine hubaki jirani yake. Grafu ni hicho kibakiacho baada ya sura kupotea. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba usahaulifu wa Euler ulikuwa halali kwa sababu ya swali aliloulizwa. Lau wenyeji wangalimwuliza ni daraja lipi litakaloporomoka kwanza, mchoro wake ungalinyamaza, kwani alichohitaji kukijua ndicho alichokitupa.

Karne iliyofuata wakemia nao walianza kuchora. Mwaka 1864 Alexander Crum Brown wa Edinburgh alionesha molekuli kwa duara ndogo zenye herufi, kila duara ikiwa ni atomi, na mistari baina yao ikiwa ni vifungo. Mwaka 1878 mwanahisabati James Joseph Sylvester aliitazama michoro ya namna hiyo akaona kwamba ni jamaa wa hesabu zake mwenyewe za aljebra, na katika jarida la Nature akaipa jina la grafu, jina lililobaki mpaka leo.

Sylvester anawahusu wapenzi wa mashairi kwa sababu nyingine pia. Alizaliwa London mwaka 1814 katika jamii ya Mayahudi, akasoma Cambridge, lakini hakupewa shahada yake kwa wakati wake kwa kuwa hakukubali kutia saini kanuni za Kanisa la Uingereza. Baadaye alikwenda Marekani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Na baina ya hesabu zake alikuwa akitunga na kufasiri mashairi. Mwaka 1870 alichapisha kitabu kizima juu ya sheria za ushairi, The Laws of Verse. Mtu aliyezipa grafu jina lake, basi, alikuwa mtu aliyeamini kwamba beti nazo zina mifupa inayoweza kuhesabiwa.

Imani hiyo si ngeni katika mwambao wa Waswahili. Shairi lenye mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, vina vya kati na vya mwisho vikiwa vimeshikana, lina umbo ambalo mtoto wa chuoni aweza kulikagua kwa vidole vyake. Hata mgeni asiyejua neno moja la Kiswahili aweza kufundishwa kuhesabu mizani na kutambua vina, akatoa hukumu sahihi kwamba ubeti huu umetimia na ule umeguni. Hukumu yake ni ya kweli na ina manufaa. Lakini hakuna ambaye angempa mgeni huyo kazi ya kusema ni shairi lipi litakalomliza mjane.

Ni lini, basi, umbo lilianza kutabiri tabia? Mwaka 1947 kijana mmoja wa Brooklyn College, New York, jina lake Harry Wiener, alichapisha njia ya kukadiria kiwango cha kuchemka cha mafuta ya jamii ya parafini kwa kuhesabu hatua katika mchoro. Msomaji mwenye kalamu aweza kuirudia kazi hiyo. Pentani ina kaboni tano na haidrojeni kumi na mbili, lakini kaboni zake zaweza kupangwa kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni tano katika mstari mmoja, kama shanga kwenye uzi. Ya pili ni nne katika mstari, na ya tano imechipua kutoka ile ya pili. Ya tatu ni moja katikati na nne kuizunguka, kama nyota. Chukua kila jozi ya kaboni, hesabu hatua zinazohitajika kutoka moja hadi nyingine kwa kufuata vifungo, kisha jumlisha hatua zote. Mstari utatoa 20, tawi litatoa 18, nyota itatoa 16. Sasa tazama maumbile: ya kwanza huchemka kwenye nyuzi 36 hivi za Selsiasi, ya pili kwenye 28, ya tatu kwenye 9 na nusu. Hesabu na moto vimeshuka ngazi moja pamoja.

Hapana uchawi hapo. Molekuli ndefu hugusana ubavu kwa ubavu kama watu waliolala mkekani, zikashikana, na zahitaji moto mwingi ili ziachane. Iliyojikusanya kama mpira hugusa jirani yake kwa nukta ndogo tu, na joto dogo latosha kuwatenganisha. Jumla ya hatua imebeba habari ya mguso huo bila ya kuutaja. Wiener aliiongezea hesabu nyingine moja, ile ya jozi zilizoachana kwa hatua tatu, na makadirio yake yakakaribia sana vipimo vya maabara. Hapa methali ya mawingu imeshinda bila ya ubishi.

Wengine waliipanua njia hiyo. Mwaka 1975 Milan Randić aliupa kila kifungo uzito wake kulingana na wingi wa majirani walio kwenye ncha zake mbili, na Lemont Kier na Lowell Hall wakaiingiza hesabu hiyo katika utafiti wa dawa. Idadi ya hesabu za namna hii ilikua mpaka mtu hakuweza tena kuchagua kwa busara yake ipi yafaa kwa jambo lipi. Ndipo kazi ya kuchagua ikakabidhiwa mashine. Katika njia inayotumika sana leo, kila atomi huanza ikijijua yenyewe tu. Katika mzunguko wa kwanza hupokea habari za majirani zake. Katika wa pili hupokea zile ambazo majirani walizipokea kwa majirani zao. Na hivyo habari hupita molekuli nzima kama habari ya msiba inavyopita mtaa, mlango kwa mlango, mpaka kila nyumba imeibeba. Mwishowe habari zote hukusanywa zikawa tarakimu moja: itafaa, haitafaa.

Mwaka 2020 kundi la watafiti wa chuo cha MIT, wakiwamo Jonathan Stokes, Regina Barzilay na James Collins, walieleza matunda ya njia hii. Waliifundisha mashine kwa molekuli 2,335 zilizokwisha kujaribiwa dhidi ya bakteria aitwaye E. koli, kisha wakaipa kiasi cha 6,000 za dawa na za vitu vilivyowahi kuchunguzwa kwa ajili ya maradhi mbalimbali. Mashine ilinyooshea kidole molekuli moja iliyokuwa imechunguzwa zamani kwa ajili ya kisukari. Wakaiita halisini. Ilipojaribiwa iliwaua bakteria kadhaa walioshindikana kwa dawa nyingine, na ikawaponya panya walioambukizwa. Umbo lake halikufanana na la viuavijasumu vilivyozoeleka, na huenda jicho la mkemia lingaliipita. Uchunguzi uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria waliokwisha kuzizoea dawa. Mwenye kuidharau mashine hii kwa kuwa ni mashine, basi, anapaswa kujua ni maiti wa nani anaowaacha nyuma ya dharau yake.

Pamoja na hayo, baina ya kuchemka na kuponya pana bahari. Pentani huchemka peke yake; yote yanayohitajika kulielewa jambo hilo yamo baina ya molekuli ya pentani na dada zake. Kuponya kwataka wa pili. Na ushahidi wa jambo hili haumo mbali, umo katika kumbukumbu ya kila mtu mzima wa pwani hii.

Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934. Mchoro wake, ukiacha haidrojeni, una nukta 22 na mistari 23. Kwa miongo kadhaa ilikuwa ndiyo dawa ya malaria. Uchungu wake na muwasho wake mwilini havijasahauliwa na waliowahi kuitumia. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, vimelea visivyoijali viligunduliwa Afrika Mashariki, baada ya kuwa vimekwisha kuonekana Asia na Amerika ya Kusini. Homa ilishuka ikarudi. Watoto walipewa kipimo kilichowaponya kaka zao, na wao wakafa. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza, na mwaka 2003 Zanzibar ikahamia dawa mseto zenye asili ya artemisinini.

Katika muda wote huo, mchoro wa klorokwini ulibadilika nini? Haukubadilika hata mstari mmoja. Nukta zilibaki 22 na mistari 23, na kila fundo lilikuwa na jirani wake yule yule. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya kimelea: protini moja iliyo kwenye utando wa kifuko chake cha kumeng'enyea chakula ilibadilika mahali padogo, na kimelea kikapata njia ya kuitoa dawa nje kabla haijakidhuru.

Kisha likatokea la kustaajabisha zaidi. Malawi ilikuwa imeacha kutumia klorokwini tangu 1993. Vimelea vyenye kinga, vikiwa havipati tena faida ya kinga yao, vilipungua, na vile vya zamani vikarejea. Katika utafiti uliofanywa Blantyre na kuchapishwa mwaka 2006, watoto 80 wenye malaria waliopewa klorokwini walifuatiliwa. Dawa ilishindwa kwa mmoja tu. Dawa iliyokuwa imekufa ilifufuka bila ya kuguswa na mtu. Mwenye kusema kwamba uponyaji umo ndani ya molekuli ana kazi ya kueleza ulikwenda wapi na ulirudi kwa njia ipi.

Watu wa visiwani hawahitaji maabara ili kulifahamu jambo hili. Wimbo wa taarab huimbwa harusini usiku mmoja na wote wakafurahi. Wimbo ule ule, maneno yale yale, mizani ile ile, ukaimbwa usiku wa pili. Mwanamke mmoja akainuka kwenda kutunza, akipita mbele ya mwenzake kwa mwendo wa taratibu, na mwenzake akatoka ukumbini na machozi. Mtunzi hakubadilisha hata herufi. Fumbo lilikuwa limelala mpaka lilipokutana na mwenye nalo. Uchungu wa wimbo haukuwa katika wimbo pekee, wala katika moyo wa msikilizaji pekee. Ulikuwa katika kukutana kwao. Ndivyo ilivyo sumu, na ndivyo ilivyo shifaa.

Mtetezi wa grafu atajibu, na jibu lake si la kupuuzwa. Atasema: ikiwa kasoro ni kwamba mchoro umeishia ukingoni mwa molekuli, basi mchoro na upanuliwe. Ichorwe na protini ya kimelea, yachorwe na maini ya mgonjwa yanayoivunja dawa, zichorwe na dawa nyingine anazozimeza pamoja nayo. Na kwa hakika wako wafanyao hivyo, na kila wanapopanua hukosea kidogo zaidi kuliko jana. Lakini kila mchoro una ukingo, na ukingo haukujichora. Yupo aliyeamua kwamba hapa patosha, kwamba hili litaingia na lile litaachwa. Uamuzi huo hautoki katika hesabu. Hesabu huanza baada yake. Na hapa ndipo swali la elimu linapogeuka kuwa swali la maadili, kwani mwenye kuchagua cha kusahau ndiye mwenye dhamana ya kilichosahauliwa.

Historia ya thalidomidi ni darasa la dhamana hiyo. Ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1957, ikisifiwa kuwa ni dawa ya usingizi isiyo na madhara, na wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Kilichosahauliwa kilikuwa ni mtoto aliye tumboni. Mpaka ilipoondolewa sokoni mwishoni mwa mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi walikuwa wamezaliwa au walikuwa njiani kuzaliwa na viungo pungufu, na wengi wao hawakuishi. Molekuli ya thalidomidi ina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto: kila fundo lina majirani wale wale, hata mchoro wa nukta na mistari hauwezi kuzitofautisha, ilhali mwili hautendeani nazo kwa namna moja. Na lau mtu angalizitenga akatoa moja tu, isingalifaa kitu, kwani ndani ya mwili hugeukiana, ya kulia ikawa ya kushoto na ya kushoto ikawa ya kulia.

Marekani ilisalimika kwa sehemu kubwa kwa ajili ya mtu mmoja. Frances Kelsey alikuwa mgeni kazini katika idara ya serikali inayoidhinisha dawa, na ombi la thalidomidi lilimfikia mwaka 1960. Kampuni iliyoomba ilimhimiza tena na tena. Hakuwa akijua kwamba dawa hiyo inalemaza watoto. Hakuna aliyekuwa akijua. Alichokijua ni kwamba ushahidi aliopewa haukutosha, akakataa kutia saini mpaka auone zaidi. Ushujaa wake ulikuwa wa kuutambua ukingo wa mchoro, na kukataa kujifanya kwamba nje ya ukingo hapana mtu.

Wala kisa hicho hakikuishia katika laana. Mwaka 1964 tabibu Jacob Sheskin wa Jerusalem alimpa thalidomidi mgonjwa wa ukoma aliyekuwa hapati usingizi kwa maumivu, na vidonda vyake vikaanza kupoa. Mwaka 1998 idara ile ile ya Marekani iliidhinisha itumike kwa tatizo hilo la ukoma, kwa masharti makali ya kumkinga mjamzito. Molekuli ni moja. Kwa aliye tumboni ilikuwa balaa, kwa mwenye ukoma ikawa nafuu. Aulizaye kama thalidomidi ni njema au mbaya anauliza swali ambalo mchoro hauna jibu lake, kwa kuwa swali lenyewe halijakamilika mpaka atajwe anayepewa.

Liko jambo moja zaidi ambalo mchoro haulijui, nalo ni nia. Mwaka 2022, katika jarida la Nature Machine Intelligence, watafiti wa kampuni ndogo ya North Carolina, Collaborations Pharmaceuticals, walieleza jaribio walilolifanya wakijiandaa kwa mkutano nchini Uswisi juu ya hatari za silaha za kemikali. Walikuwa na programu ya kubuni molekuli, iliyosoma dawa zikiwa zimeandikwa kwa safu za herufi zinazohifadhi nani amefungamana na nani. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutafuta zinazoponya na kuziadhibu zenye sumu. Wao waliigeuza: sumu ikalipwa badala ya kuadhibiwa. Kwa muda usiofika saa sita programu ilitoa molekuli 40,000, na miongoni mwake ilikuwamo VX, mojawapo ya sumu kali kabisa zilizowahi kutengenezwa kwa ajili ya vita, pamoja na nyingine zilizokadiriwa kuwa kali kuishinda. Hawakutengeneza hata moja. Lakini waliandika kwamba kabla ya siku hiyo hawakuwa wamelifikiria jambo hilo. Elimu ilikuwa ile ile, michoro ilikuwa ile ile. Kilichogeuzwa kilikuwa alama moja, ya kutoa ikawa ya kujumlisha.

Aliyefuata hoja mpaka hapa aweza kushawishika kusema: basi elimu hii na iachwe. Hilo lingekuwa kosa la pili lililo sawa na la kwanza. Nahodha akiona kwamba mawingu humdanganya mara moja katika kumi, haachi kuyatazama. Hujifunza kuyatazama na huku mkono ukiwa kwenye usukani. Mashine iliyoinyooshea kidole halisini haikusema kwamba halisini ni dawa. Ilisema: anzieni hapa. Neno hilo, katika uwanja wa mamilioni ya mamilioni ya molekuli zinazowezekana, ni neno la thamani kubwa. Hatari huja pale neno hilo linapopitishwa mkono kwa mkono mpaka likapoteza unyenyekevu wake: mtabiri alisema huenda, meneja akasikia ndiyo, muuzaji akatangaza hakika, na mgonjwa akameza. Kila mmoja katika mnyororo huo aweza kumwonesha wa nyuma yake, na wa mwisho kabisa ataonesha tarakimu. Lakini tarakimu haiwezi kusimama kizimbani, kama vile chombo kikizama hakuna ayashitakiye mawingu.

Methali mbili za mwanzo, basi, hazikuwa zikikanushana. Ya mawingu ni ya mtu aliye bado ufukweni, anayeamua kama atatweka. Ya mkakasi ni ya mtu ambaye kifuniko kimo mkononi mwake, na anaagizwa atazame ndani kwa macho yake kabla hajampa mwingine. Mwenye kutoa dawa anazihitaji zote mbili, na kwa mpango huo huo.

Na baada ya dawa kutoka dukani, kazi ya kutazama ndani bado haijesha. Katika kituo cha afya cha kijijini, mama anarudi na mtoto aliyevimba midomo baada ya kumeza kidonge kipya. Muuguzi aliyechoka, mwenye foleni mlangoni, anaweza kumwambia atapoa, akamruhusu; au anaweza kufungua daftari, akaandika jina la kidonge, siku, saa, na kilichotokea, kisha akaipeleka habari hiyo kwa wanaohusika. Akiandika, ameongeza kwenye mchoro wa dawa ile mstari mmoja ambao hakuna mashine iliyouona: ule unaotoka kwenye fundo la mwisho la molekuli mpaka kwa mtoto mwenye jina.